Dau Linalomtangaza Mhesabu Karata

Kwenye stendi za boda boda za Hima, magharibi mwa Uganda, jua likiwa kali na abiria wamepungua, matatu huchezwa juu ya kiti cha pikipiki. Kila mtu anaanza na karata saba. Mbili inamlazimisha mwenzako aokote, nane na jeki zinampokonya zamu, ree inabadili rangi, na saba ya rangi iliyofunuliwa mwanzoni ndiyo inayokata mchezo, kila mmoja akahesabiwa alichobaki nacho mkononi. Anayekumbuka kwamba mbili zote zimeshapita, na kwamba saba ya kukatia bado haijaonekana, anaitwa fundi. Pesa zikiwekwa, wenzake watanung'unika, lakini hakuna atakayemfukuza. Watajitahidi nao wakumbuke.

Mpeleke fundi huyo Kampala, mketishe kwenye meza ya blakijeki, na kumbukumbu ileile itamfanya asitakiwe. Kasino haioni anachokumbuka. Inaona pesa anazoweka mbele yake na namna zinavyopanda na kushuka. Swali lote liko hapo: mhesabu karata asipobadili dau hapati faida, na akilibadili anajitangaza. Je, dau linaweza kubadilishwa bila kuamsha macho ya wenye nyumba? Linaweza, na mbinu zake zimejulikana kwa zaidi ya miaka 50. Kinachosahauliwa ni bei ya kujificha. Ninaamini kwamba kwa mtu wa Hima, Kasese au Bwera bei hiyo inameza faida yote, na afadhali tuione kwa shilingi kuliko kuihadithia.

Kwanza, kumbukumbu ina thamani gani? Blakijeki ni kukaribia ishirini na moja bila kuizidi, ukishindana na mgawaji karata peke yake. Wewe una uhuru wa kuamua, yeye hana. Akiwa na 16 au pungufu lazima aongeze karata, akifika 17 anasimama. Karata za kumi, picha na ree zikiwa zimebaki nyingi ndani ya kasha, mgawaji aliyekwama na 14 au 15 analazimika kuongeza, na mara nyingi anapasuka. Wewe unayedabo dau juu ya kumi au kumi na moja unapata karata unayoitaka. Na ile blakijeki yenyewe, ree na kumi kwa pamoja, inawajia nyote wawili mara nyingi zaidi, ila wewe unalipwa tatu kwa mbili na yeye anachukua dau lako tu. Karata ndogo zikibaki nyingi, mambo yote haya yanageuka dhidi yako. Ruleti haina habari na mzunguko uliopita. Kasha la karata lina habari, kwa sababu karata iliyotoka hairudi mpaka zichanganywe upya.

Jambo hili lilithibitishwa na wanahisabati. Mwaka 1956 vijana wanne waliokuwa katika jeshi la Marekani, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha njia bora ya kucheza kila mkono, wakitumia mashine za kawaida za kukokotolea. Mwaka 1961 Edward Thorp, mwalimu wa hisabati katika chuo cha MIT, akisaidiwa na kompyuta ya IBM 704, alionyesha kwamba anayefuatilia karata zilizotoka anaweza kuishinda nyumba. Mwaka huohuo akaenda Nevada na mtaji wa dola 10,000 wa wafadhili wawili, akaongeza juu yake takriban dola 11,000. Kitabu chake kilitoka mwaka 1962. Aprili 1964 kasino za Las Vegas zilipaniki zikabadili kanuni za mchezo kwa kila mteja, wateja wakasusa meza, na kabla ya wiki nyingi kupita kanuni za zamani zikarudishwa. Hapo ndipo wenye kasino walipojifunza kwamba kuuharibu mchezo kwa watu wote kunagharimu kuliko kumtoa mtu mmoja. Tangu siku hizo macho yao yakahama kutoka kwenye karata yakaenda kwa mchezaji.

Njia ya kuhesabu inayotumika zaidi ilitolewa na Harvey Dubner mwaka 1963, nayo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Karata ya 2 hadi 6 ikitoka unaongeza moja, 7 hadi 9 unaiacha ipite, 10, picha na ree unatoa moja. Jumla unaigawa kwa idadi ya pakiti zilizobaki kwenye kasha. Ukiwa na jumla ya sita na pakiti tatu zimebaki, hesabu halisi ni mbili. Kila nambari moja ya hesabu halisi inakuongezea karibu nusu asilimia. Kwa kuwa nyumba inaanza ikiwa mbele kwa nusu asilimia hivi, kwenye moja mko sawa, na kuanzia mbili wewe ndiye uliye mbele. Mchezaji wa matatu mwenye akili atalishika hili wiki mbili zisiishe.

Ugumu unaanzia kwenye pesa. Tuchukue meza yenye kasha la pakiti sita na dau la chini la shilingi 10,000, na tuhesabu mikono 100, yaani karibu saa moja na nusu ya kucheza. Kwa makadirio yasiyo mbali na ukweli, mikono 70 kati ya hiyo utaicheza nyumba ikiwa mbele kwa wastani wa asilimia moja. Mikono 15 mko sawa. Mikono 15 iliyobaki wewe uko mbele, wastani wa asilimia 1.2. Ukiweka 10,000 kila mkono, ile 70 mibaya inakugharimu 7,000 na ile 15 mizuri inakurudishia 1,800. Umepoteza 5,200, japo umehesabu karata zote bila kukosea hata moja.

Sasa pandisha dau kwenye ile mikono 15 peke yake. Ukipandisha mara nne, ukaweka 40,000, unapata 7,200 dhidi ya hasara ya 7,000: umebakiwa na shilingi 200. Ukipandisha mara nane unabakiwa na 7,400. Ukipandisha mara kumi na mbili, 120,000 mahali palipokuwa na 10,000, unabakiwa na 14,600. Ndiyo sababu mhesabu hawezi kuwa mpole. Anayejizuia asionekane, akaishia mara mbili au tatu, bado anailipa nyumba kila saa, tena akiwa na kichwa kimechoka.

Upande wa pili wa hesabu hiyo husemwa kwa nadra, nao ndio uliowamaliza wengi. Shilingi 14,600 ni wastani. Ndani ya mikono 100 hiyo, ukiwa na madau ya 120,000, kupanda na kushuka kwa kawaida tu ni zaidi ya nusu milioni kila upande. Jioni moja unaweza kurudi na laki sita mfukoni na kudhani umeiva, jioni ya pili ukapoteza laki saba bila kosa lolote. Kwa hesabu hii inahitajika mikono zaidi ya laki moja ndipo faida iliyokusanyika ilingane na mtikisiko wake. John Kelly wa maabara za Bell alitoa mwaka 1956 kanuni ya ukubwa wa dau kulingana na mtaji, na ukiifuata hapa, dau la 120,000 linataka mtaji wa takriban milioni 13 uliotengwa kwa karata tu. Wenye hadhari huweka maradufu ya hapo. Shilingi 14,600 kwa mtaji wa milioni 26: pesa hiyo haifikii hata nauli ya basi kutoka Kasese mpaka Kampala.

Turudi mezani, tuone nyumba inaona nini. Mchezaji wa kawaida hupandisha dau kwa moyo. Ameshinda, anajisikia ana bahati. Amepoteza, anataka kurudisha. Anapandisha hata pale karata zilipotoka kuchanganywa, wakati hakuna anayejua lolote. Mhesabu hafanyi hivyo. Karata zikichanganywa, dau lake linarudi chini, kila mara, hata kama mkono uliotangulia aliweka 120,000 akashinda.

Mtazame kwa karibu. Amekaa kiti cha mwisho upande wa kushoto, ambapo karata nyingi huonekana kabla zamu yake haijafika. Mbele yake ana safu mbili za chipu. Kwa dakika ishirini chipu moja inaingia, moja inatoka, anaitikia salamu, anakunywa soda. Kisha raundi mbili mfululizo meza nzima inapewa tatu, nne, tano, sita, na vidole vinahamia kwenye safu ya pili, vinainua chipu kumi na mbili bila kuzihesabu kwa sababu zilipangwa hivyo tangu mwanzo. Hakushinda mkono uliopita. Uso haukubadilika. Macho yake yalipita kwenye kibao cha karata zilizotumika, kule wachezaji wengine hawaangalii kamwe, akakadiria pakiti ngapi zimebaki. Msimamizi mwenye uzoefu hahitaji zaidi ya hapo. Ananyanyua simu, na mtu wa kamera ghorofani anairudisha picha nyuma, anahesabu zilezile karata, na kando ya kila hesabu anaandika dau. Saa moja ya picha inatosha. Madau yakipanda na kushuka sambamba na hesabu, hakuna maelezo yatakayomsaidia mchezaji.

Baada ya hapo nyumba ina ngazi zake. Inaanza kwa kuamuru karata zichanganywe kila unapopandisha, na faida yako inakufa palepale bila neno. Inaweza kukata kasha katikati, ili nusu ya karata isitoke kabisa. Mwishowe anakuja mtu mwenye suti na sauti ya upole: "Samahani, bosi wangu, karibu ucheze chochote humu ndani, ila kwenye blakijeki tunaomba uweke dau lilelile mpaka karata zichanganywe." Anajua hesabu ileile niliyoifanya hapo juu: dau lisilobadilika linampa yeye 5,200 kwa kila mikono 100.

Mbinu za kujificha zote zinajaribu kuifanya hesabu ionekane kama moyo. Iliyo maarufu kuliko zote ni kupandisha baada ya kushinda tu, kwa kuacha chipu ulizoshinda juu ya dau la kwanza, na kushusha baada ya kupoteza tu. Ukitoka sare, huligusi dau. Kwa msimamizi unafanana na yeyote anayefukuzia bahati. Lakini karata hazikusubiri ushinde. Hesabu ikipanda wakati umepoteza mikono miwili, unabaki chini ukitazama nafasi ikipita. Tuseme kati ya ile mikono 15 mizuri, minane inakukuta umeshafika 120,000 na saba inakukuta kwenye wastani wa 40,000. Faida yako ya 14,600 inashuka hadi 7,880. Umelipa karibu nusu ya mapato yako kwa kufanana na watu wengine.

Nyingine ni kuanza kasha jipya na dau la kati, tuseme 30,000, ili karata zikiharibika ushuke na zikitengemaa upande, na asiwepo wa kusema kwamba kila kuchanganya kunakurudisha chini. Hii ni nafuu: raundi kumi na mbili hivi katika mikono 100, 20,000 za ziada kwa nusu asilimia, ni shilingi 1,200. Kama ningelazimika kuchagua sitara moja ya dau ningechagua hii, kwa kuwa inafuta alama iliyo wazi kuliko zote. Wengine hugawa dau kubwa katika mikono miwili. Chipu zinaonekana kuwa chache kwenye kila duara na mtikisiko unapungua, ingawa kasino nyingi hudai dau la chini liwe kubwa zaidi kwa anayecheza mikono miwili.

Kuna pia kucheza vibaya kwa makusudi, njia iliyoenezwa na mwandishi aliyejiita Ian Andersen katika kitabu chake cha mwaka 1976. Kusimama na 12 wakati mgawaji anaonyesha 3 ni kosa dogo. Kwenye dau la 10,000 linakugharimu kama shilingi 200, na msimamizi anaandika kwamba hujui kucheza. Fanya kosa lenye uzito huohuo kwenye dau la 120,000 na bei yake inazidi mara kumi na mbili. Wengi walioanza kujificha kwa njia hii waliishia kuwa wachezaji wabaya kweli, kwa sababu uongo unaorudiwa kila siku unageuka mazoea.

Iliyo bora haigusi dau la juu kabisa. Ni kuondoka hesabu inapoharibika. Kumbuka 7,000 zote za hasara zilitoka kwenye ile mikono 70 mibaya. Simu ikiita, ukaenda kujisaidia, ukasimama kuangalia mpira kwenye televisheni, na kwa njia hiyo ukakwepa mikono 30 kati ya ile 70, unaokoa 3,000 na zaidi, na huhitaji tena kupandisha mara kumi na mbili ili upate kitu. Stanford Wong aliifafanua njia hii mwaka 1975, akipendekeza mtu asimame nyuma ya meza akihesabu na kuketi pale tu hesabu inapokuwa nzuri. Kasino zilijibu kwa vibao vinavyokataza kuingia katikati ya kasha. Kutoka katikati, hata hivyo, hakuna anayeweza kukuzuia.

Kisha kuna timu, na hapa akili ya wahesabu ilifika kilele chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Al Francesco wa California aliuvunja uhusiano kati ya mtu na dau. Wenzake walikaa kwenye meza mbalimbali wakiweka dau dogo lisilobadilika, wakihesabu tu. Meza ikiiva, wanatoa ishara, na mtu mwenye pesa anakuja, anaweka dau kubwa tangu mkono wake wa kwanza hadi wa mwisho, kisha anahamia meza nyingine. Msimamizi akimtazama yeyote kati yao haoni dau likipanda wala likishuka: wadogo ni wadogo muda wote, mkubwa ni mkubwa muda wote. Ken Uston, aliyekuwa kiongozi katika soko la hisa la Pacific, alijifunza kwa Francesco, kisha akaitangaza siri hiyo kwa kitabu mwaka 1977. Vijana wa MIT waliiendeleza katika miaka ya 1980 na 1990 kwa fedha za wawekezaji, mitihani ya kuhesabu na daftari za kila kikao. Wao hawakushindwa na hisabati. Walichoshwa na albamu za picha zilizosambazwa kati ya kasino, hasa na kampuni ya upelelezi ya Griffin, mpaka sura zao zikawa zinajulikana kabla hawajaketi.

Sasa tulete haya yote kwetu. Las Vegas ina makumi ya kasino kwenye barabara moja. Mtu anacheza dakika arobaini hapa, anavuka, anacheza pale, na zamu ya wafanyakazi ikibadilika anarudi. Huo ndio msingi wa ushauri wote wa vitabu: usikae sana, usirudi mapema. Kampala haina wingi huo. Kasino zenye meza za blakijeki ni chache, wachezaji wa kudumu wanajulikana kwa majina, na wasimamizi huhama kutoka nyumba moja kwenda nyingine wakiwa na kumbukumbu zao. Kwenye meza ambayo karibu wote wanaweka dau la chini, chipu kumi na mbili zinaonekana kutoka mlangoni. Dau linalomezwa na wingi wa watu Nevada, hapa linasimama peke yake.

Mtu anayetoka Hima anaongezewa mzigo mwingine. Safari kupitia Fort Portal na Mubende ni ya kutwa. Akifika, lazima alale, ale, na acheze saa nyingi mfululizo ili safari iwe na maana, yaani afanye hasa lile ambalo kila mhesabu anakatazwa. Timu anaweza kuiunda, ndugu na marafiki wapo, lakini timu inataka mtaji wa pamoja utakaovumilia miezi ya hasara, na kila mmoja akubali neno la mwenzake kwamba laki saba zilipotea mezani kihalali. Kwa familia inayolipa ada za shule kutokana na mshahara wa kiwanda cha saruji au kahawa ya mlimani, hiyo ni imani nzito mno kuidai.

Wabadilishaji fedha wa mpaka wa Mpondwe, pale Bwera, wangeielewa biashara hii haraka kuliko mtu yeyote. Wao pia wanaishi kwa tofauti ndogo kati ya faranga, dola na shilingi, juu ya mzunguko mkubwa wa pesa. Lakini mbadilishaji anapata tofauti yake kwenye kila mteja, na hakuna anayemfukuza mpakani kwa kujua kuhesabu. Mhesabu karata anaipata kwa mikono 15 kati ya 100, tena kwa ruhusa ya mtu anayemlipa.

Kabla ya hayo yote kuna meza zisizohesabika kabisa. Ukiona mashine inayomeza karata zilizotumika na kuzichanganya mfululizo, kumbukumbu yako haina kazi pale. Ukiona maandishi kwamba blakijeki inalipwa sita kwa tano, dau la 10,000 litakuletea 12,000 badala ya 15,000, na tofauti hiyo pekee inaiongezea nyumba karibu asilimia 1.4. Mhesabu wa kweli hujulikana kwanza kwa meza anazozikataa.

Na pale Hima penyewe, au Kasese mjini? Kinachopatikana ni maduka ya kubeti mpira na mashine za sloti, na ninaona ni wajibu kusema wazi tofauti iliyopo. Asiyehesabu karata lakini anacheza blakijeki kwa kanuni sahihi anarudishiwa wastani wa shilingi 99.5 kwa kila 100. Chukua tiketi ya mechi kumi. Tuseme kampuni imejiwekea asilimia 7 kwenye kila mechi. Asilimia hizo hazijumlishwi, zinazidishana: 0.93 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi inakuacha na 0.48. Katika kila shilingi 100 za tiketi kama hiyo, 52 zimeshakwenda kabla mpira haujapigwa. Kijana anayesema kasino ni ya wajinga, kisha kila Jumamosi anajaza tiketi ya mechi kumi, anacheza mchezo ulio mbaya zaidi mara mia moja, tena pasipo na hesabu yoyote ya kumwokoa. Mashine ya sloti haitoi habari yoyote kwa mchezaji. Na wapo wanaobeti mpira kwa ujuzi wa kweli, ila nao hukutana na yaleyale: Uingereza ni jambo la kawaida kabisa akaunti ya mshindi kupunguziwa kikomo cha dau hadi senti chache.

Sheria inasemaje? Kuhesabu kwa kichwa si wizi, na mahakama za Marekani zimelishughulikia jambo hili kwa njia mbili. Nevada, mwenye nyumba anaweza kumtoa mchezaji kama mwenye duka anavyomkataa mteja. Kifaa cha kuhesabia ndicho kilichofanywa kosa la jinai tangu mwaka 1985. New Jersey, Uston aliishtaki kasino ya Resorts International, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo hilo ikaamua kwamba kasino haiwezi kumfukuza mtu kwa ustadi wake bila kanuni ya tume ya serikali. Ushindi huo ulikuwa na mkia: tume ikaziruhusu kasino kujilinda kwa kuchanganya karata mapema na kuongeza pakiti. Uingereza, ambayo hukumu zake bado zina uzito wa ushawishi katika mahakama za Uganda, mwaka 2017 mahakama ya juu ilimnyima mcheza kamari Phil Ivey pauni milioni 7.7 alizoshinda London mwaka 2012, kwa kuwa alimfanya mgawaji azigeuze karata ili asome kasoro za migongo yake. Yeye aliugusa mchezo. Mhesabu anaangalia tu karata ambazo nyumba yenyewe imezifunua mbele ya kila mtu.

Uganda ilibadili sheria zake za mwaka 1967 na 1968 kwa Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya 2016, ikaunda bodi ya kitaifa ya kuisimamia sekta na kuweka umri wa miaka 25 kuwa wa chini kabisa kwa mchezaji. Umri huo ni mkubwa kuliko wa nchi nyingi, na ninauunga mkono. Lakini bodi inayoweza kumzuia kijana wa miaka 24 asiingie inaweza pia kuweka wazi haki za mwenye miaka 30 aliyeingia kihalali. Kasino ikitaka mteja asibadili dau, na imwambie kabla hajaweka pesa, kwa kibao kilicho mezani, Kiingereza na Kiswahili. Kuchanganya karata kwa kumlenga mtu mmoja kila anapopandisha dau kukomeshwe, kwa sababu hapo nyumba nayo inahesabu karata, na inazitumia hesabu hizo kumwondolea mchezaji mikono mizuri tu huku ikimwachia mibaya. Na mtu anayeombwa aondoke alipwe chipu zake zote dirishani kabla hajatoka, bila kupelekwa chumba cha nyuma na bila kupigwa picha kwa nguvu. Chipu alizoshinda ni deni la nyumba, liwe limetokana na bahati au na kumbukumbu.